Mwamvua, Hayakuwa Mafua

Kwihara, Jumamosi, saa tisa alasiri

Mwanangu Mwamvua,

Yale matone ya puani hayakutoka kwa daktari. Niliyanunua mwenyewe dukani, kisha nikasema daktari ndiye aliyeagiza. Nilimdanganya bibi yako na nikakudanganya wewe. Sijamwambia mtu mwingine yeyote. Hata yule mama tabibu aliyekupima majuzi anajua tu kwamba niliyanunua, hajui uongo uliofuata. Nimeliweka jambo hili juu kabisa ya karatasi kwa sababu najijua. Nikiliacha mwishoni, karatasi itaisha kabla sijalifikia.

Mmekwenda mjini, wewe na bibi na mama yako, kununua raba na begi la safari ya kesho. Mimi nimebaki nikisema kichwa kinauma. Hakiumi. Nilitaka nyumba ikae kimya nikuandikie, maana tukibaki wawili nitaanza kukusuka nywele na kukuuliza kama umeshiba, na kesho basi la Igunga litaondoka na wewe nikiwa sijasema kitu.

Sitakuandikia habari za kuamkia wakubwa, wala kufua soksi, wala kuomba ruhusa kabla ya kutoka. Hayo unayajua. Nataka kukuandikia niliyokosea.

Watu wakinisikia nakuita mwanangu hucheka. Mimi nina miaka kumi na minane, nimemaliza kidato cha nne juzijuzi tu, na wewe una kumi. Lakini ndivyo ilivyo. Dada Rehema, mama yako, alipokwenda Igunga kutafuta maisha, wewe ulikuwa na miaka miwili na mimi nilikuwa na umri wako wa sasa. Bibi yako alikufunga mgongoni kwangu kwa mbeleko akasema, "Haya mama mdogo, kazi imeanza." Mgongoni ulishuka zamani, ila mimi sijawahi kujisikia kama nimekushusha.

Pua yako ilianza mwaka juzi, au pengine kabla ya hapo. Hakuna aliyeandika. Miembe ya njia ya kwenda mjini ilipotoa maua ulianza kupiga chafya, tukasema mafua. Maua yakaisha, embe changa zikatoka, mvua zikaanza, na wewe bado unafuta pua kwa kiganja. Tukasema mafua yamekuwa sugu. Kwetu kila kinachotoka puani kinaitwa mafua, na jina likishapatikana hakuna anayeuliza tena. Nalifikiria sana neno hili siku hizi. Kama tungekuwa na neno jingine mdomoni, labda tungeuliza swali jingine.

Asubuhi ulikuwa unapiga chafya saba, nane mfululizo, na kwa kila moja bibi alitaka useme alhamdulillahi. Siku moja ulikata pumzi katikati, akakuonea huruma. "Basi mjukuu wangu, zimalize zote kwanza, utashukuru mara moja kwa jumla." Halafu bibi ana lake jingine, kwamba mtu akipiga chafya asubuhi ujue anatajwa mahali. "Mama yako huyo, anakutaja huko Igunga." Ukawa unafurahi. Wenzako wakiwa na mafua wananuna, wewe unafuta pua huku unacheka. Nilikuwa nasikia na kunyamaza, kwa sababu sikuwa na kitu kizuri zaidi cha kukupa.

Shuleni haikuwa furaha. Najua walivyokuwa wanakuita. Jina zuri kama lako, la mtoto aliyezaliwa siku ya mvua, wakaligeuza. "Mwamafua kaja, fungeni madirisha!" Uliponisimulia ulikuwa unacheka ila macho yalikuwa mekundu, na sikujua kama ni kilio au ni ile washawasha yako ya kila siku. Nikakuuliza uliwajibu nini. Ukasema, "Nimewaambia mafua yangu yatakauka, ujinga wao je?" Nilijivunia hata nikasahau kukuuliza kama macho yanawasha.

Na sisi nyumbani tulifanya yote ya mafua. Tulifunga madirisha upepo usikupige. Tulitoa lile blanketi zito kwenye sanduku, ambalo halijaona jua tangu nikiwa mdogo, tukakufunika hadi masikioni. Bibi alikupa mto wake wa sufi, alioujaza mwenyewe kabla sijazaliwa, kichwa chako kikae juu upumue. Nami, nikijiona nasaidia, niliukung'uta ule mto ndani ya chumba, wewe ukiwa kitandani, mpaka vumbi likaonekana kwenye mwanga wa mlangoni. Ukapiga chafya mpaka ukatoka damu kidogo. Bibi akasema mafua yanatoka sasa, akaongeza nyungu ya mwarobaini chini ya blanketi lile lile. Ukatoka umelowa jasho ukauliza, "Bibi, nimeiva?"

Sasa nikuambie ya siku ya hospitali.

Ilikuwa kabla ya mitihani yangu. Bibi alinituma nikupeleke baada ya shule. Ulibaki nje unacheza mdako na watoto wengine, mimi nikaingia kwenye foleni na sare yangu. Walipofikia jina lako yule dada wa mapokezi aliita kwa sauti, "Mama Mwamvua! Mama Mwamvua yuko wapi?" Nikasimama. Benchi zima likanigeukia. Mwanamke mmoja akamwambia mwenzake, wala hakupunguza sauti, "Hee, na sare ya shule! Siku hizi wanaanza mapema." Wakacheka. Dada wa mapokezi akauliza, "Wewe ndiye mama yake?"

Swali jepesi kabisa. Ningesema ni mama yake mdogo, wangerudi kwenye mambo yao. Nikakosa sauti. Ningesema ndiyo, ningekuwa yule wanayemfikiria. Ningesema hapana, nilihisi kama nakukana, na wewe uko nje hatua chache. Nikasema nimesahau kitu, nikatoka. Nilikushika mkono nikakuambia, "Tayari, daktari ameniambia dawa ya kununua."

Kwenye duka la dawa kaka muuzaji aliniuliza, "Mtoto ana nini?" Nikasema mafua. "Ya kuziba au ya kutiririka?" Nikasema yote. "Chukua haya matone, dada, utarudi kunishukuru." Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi ya maelezo. Nililitupa boksi pamoja na karatasi yake kwenye mtaro kabla hatujafika nyumbani, ili bibi asijue ni ya dukani. Ningeisoma ile karatasi, Mwamvua. Mimi ninayesoma hata magazeti ya kufungia vitumbua.

Siku ya kwanza ulipumua kama mtu aliyefunguliwa kamba. Bibi akafurahi. "Daktari huyu ni daktari kweli." Akawa anakulaza kichwa mapajani kwake kila jioni baada ya magharibi, tone moja huku, tone moja kule, mimi nikiwa najisomea. Kichupa kilipoisha nilinunua kingine, halafu kingine. Baada ya muda matone yakawa yanakusaidia saa chache tu, na yakiisha nguvu unaziba kuliko mwanzo. Ukawa unalala mdomo wazi. Bibi akaongeza na ya asubuhi. Hakuna aliyefikiri kurudi hospitali, kwa sababu hospitali, kwa kadiri alivyojua bibi, tulishakwenda. Hapo ndipo uongo wangu ulipokuumiza zaidi kuliko dawa yenyewe.

Nilipomaliza mitihani sikuwa na kitabu cha kujifichia. Nilikuona. Nikakupeleka kwa yule mama tabibu mwenye sauti nzito, unamkumbuka, aliyekuwa anakula karanga. Aliuliza wewe ni nani wangu, nikasema, "Ni mwanangu. Mimi ni mama yake mdogo." Hakuna aliyecheka. Miezi mitatu mizima nilikuwa naogopa sentensi hiyo.

"Ana nini?"

"Mafua."

"Tangu lini?"

"Tangu maua ya miembe."

"Na sasa watu wanakula embe." Akakugeukia. "Makamasi yako yana rangi gani?"

"Kama maji," ukasema.

"Homa?"

"Hapana."

"Na huu mstari juu ya pua?"

"Nimezaliwa nao."

Akacheka. "Hukuzaliwa nao. Umeuchora mwenyewe kwa kusukuma pua juu kwa kiganja. Unawashwa." Kisha akaniambia mimi. "Haya si mafua. Mafua ni mgeni, anakaa wiki, akizidi sana siku kumi, anaondoka. Huu ni mzio. Pua yake inaona vumbi na chavua za maua kama adui, inapigana na vitu ambavyo havina habari nayo."

Nikauliza kama ni maua au ni vumbi la mto, akasema inawezekana ni vyote viwili. Nikauliza atapona lini. Akasema mzio wa namna hii watu huishi nao, wengine hupungua wakikua, wengine hapana, ila unaweza kuutuliza mpaka ukausahau. Sikujua kama hiyo ni habari njema. Bado sijui.

Halafu akauliza umetumia dawa gani, nikaonyesha kichupa. "Kwa muda gani?" Nikasema wiki mbili. Nilidanganya tena, mbele ya mtu anayetaka kukusaidia! Wewe ukasema, "Mamdogo, ni tangu kabla ya mitihani yako." Mama tabibu aliacha kutafuna. Akaeleza kwamba matone yale ni ya siku tatu tu au karibu na hapo, hasa kwa mtoto. Ukizidisha, pua inayazoea, yakiisha nguvu inavimba, ikivimba unatia tena, na hivyo hivyo. Kwa hiyo kile kilichokuziba usiku hakikuwa hewa ya Kwihara. Kilikuwa ndani ya kichupa.

Akatupatia ile dawa ya kupuliza. Wewe ulikasirika kwa sababu haikukuzibua siku hiyo hiyo. Nami nilikasirika kimoyomoyo. Ni dawa ya polepole, inataka kila siku, hata siku ambayo huumwi, na inaweza kuchukua wiki mbili kuonyesha kazi yake. Mimi ningeiacha siku ya tatu kama nisingeogopa kurudia kosa. Ukiipuliza elekeza upande wa sikio, usielekeze katikati ya pua, na usivute kwa nguvu ikakuishia kooni. Nilikuwa nakuelekezea vibaya siku mbili za mwanzo, ndiyo maana ulikuwa unasema inawasha.

Siku tulipoacha matone uliziba vibaya sana. Tabibu alinionya kwamba itakuwa hivyo kwa siku kadhaa. Bibi hakuonywa, maana mimi sikumwambia kitu, nilificha kichupa tu nikasema kimeisha. Kwa siku nne hukulala, na bibi hakulala. Siku ya tano alimpigia mama yako simu. Nilikuwa nje naanika blanketi, nikasikia. "Rehema, njoo umchukue mtoto. Hewa ya huku imemkataa. Hata dawa ya daktari imeshindwa, na sikukosa kumtilia hata jioni moja mpaka ilipoisha." Nikaendelea kuanika.

Mama yako akaja. Na juzi, akiwa jikoni nami na bibi, wewe ukiwa umekaa mlangoni, ulisema, "Kuna kitu kinaungua." Tukakimbilia sufuria ya maharage. Hakuna kati yetu aliyekuwa amesikia harufu, isipokuwa wewe, Mwamvua, uliyekuwa hunusi hata samaki wa kukaanga! Bibi akapiga vigelegele. "Mnaona? Amemwona mama yake tu, pua imefunguka." Nilitaka kusema. Nikakoroga maharage yaliyoungua.

Leo asubuhi ndiyo imenichanganya kabisa. Mimi na mama yako tulikuwa tunachagua mchele. Akaniambia, "Sauda mdogo wangu, mama aliponipigia kwamba mtoto hewa imemkataa, niliumia. Halafu nikaenda nyuma ya kibanda changu pale stendi nikacheka peke yangu kama chizi. Miaka minane natafuta sababu ya kumchukua bila kuwaudhi. Sasa niambie, mama gani anacheka mtoto akiumwa?"

Hapo ndipo ningesema. Nilisema, "Mchele huu una mawe mengi."

Unaona nilivyokwama? Nikisema ukweli, kwamba hewa haijakukataa na kwamba unapona, bibi atasema basi mtoto abaki. Nami nitafurahi mno. Ninapotaka kusema ukweli sijui kama nausema kwa ajili yako au kwa ajili ya kitanda chako kisiwe kitupu. Nikinyamaza, mama yako atakupata, na anastahili. Lakini utafika Igunga, kwenye moshi wa kuni wa kibanda chake, kwenye pumba za mpunga na vumbi la ng'ombe, utapiga chafya, mtu atasema mafua, na mwingine ataenda dukani. Au watasema na Igunga imekukataa, wakuhamishie kwingine. Naogopa utakuwa mtu wa kuhamishwa kila pua inapowasha, huku ukiamini kwamba hakuna mahali panapokutaka.

Lile daftari la chafya tuliloanza nimelitia kwenye vitabu vyako. Sijalielewa. Siku ya mvua ulipiga chafya ukiwa ndani, siku ya upepo hukupiga hata moja, halafu tulipofagia bila kunyunyiza maji ukapiga kumi na moja. Nadhani linasema mto kuliko maua. Lakini nilishawahi kudhani mengi. Endelea kuandika, na mkae nalo wewe na mama yako, huenda wawili wakaona ambacho mimi sikuona. Kuhusu maji ya chumvi ya kusafishia pua, lazima yachemshwe kwanza yapoe. Na kifua kikianza kubana au kupiga kama filimbi, hilo usilisubirishe mpaka kesho, wala usione aibu foleni. Aibu niliishika mimi kwa niaba yetu wawili, imetosha.

Nilipanga kuificha barua hii ndani ya kitabu chako cha sayansi. Sasa nimefika hapa naona nakubebesha wewe, mtoto wa miaka kumi, mzigo nilioushindwa mimi. Kwa hiyo nitampa mama yako mkononi leo, kabla ya kufunga begi na vurugu za kesho, na nitasimama hapo hapo mpaka amalize kusoma. Huenda akanifokea. Huenda akasema haniamini tena na mtoto. Dada, kama umefika mstari huu, nisamehe. Na usiogope. Hukuhitaji sababu. Ni mwanao.

Na wewe Mwamvua, nenda. Hewa ya Kwihara haijakukataa, likizo njoo, nitakuwa nimeanika mto mpya. Nenda kwa sababu mama yako anakutaka. Uliniuliza wiki iliyopita, "Nikiacha kupiga chafya, mama hatanitaja tena?" Nilikwepa swali lako. Jibu nimelipata kwake mwenyewe, juu ya ungo wa mchele. Anakutaja muda wote, pua yako iwe inajua au isijue.

Nasikia bajaji barabarani, pengine ni nyie. Nimebakiza moja.

Bibi asijue kwanza. Uongo ni wangu, nao nitamwambia mwenyewe, ila aliyekutilia ni yeye, jioni baada ya jioni, na alijivunia. Sijapata namna ya kumwambia bila kumfanya aichukie mikono yake. Nimemwomba tu matone yale yasinunuliwe tena nyumba hii, akakubali bila kuuliza, jambo ambalo limeniumiza zaidi. Akikupigia simu na kukuuliza pua ilipona kwa nini, usimdanganye, uongo umetosha. Mwambie inaendelea vizuri, halafu umuulize habari za kuku wake. Atazungumza kuku mpaka salio liishe. Nifichie hilo moja, mwanangu, wewe na mama yako, mpaka nipate sauti.

Mamdogo wako,
Sauda